Nuru Isiyoonekana

Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Lakini iko nuru, ewe msomaji, ambayo hata mwenye macho hana budi kuambiwa. Jicho la mwanadamu hukomea kwenye wekundu. Ng'ambo ya wekundu huo iko nuru iitwayo infraredi, nayo hatuioni kamwe.

Siku moja nilipokuwa nikiifundisha habari hiyo, mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, taa isiyomulika ina faida gani kwetu? Si tuwaachie Wazungu?" Darasa zima likacheka. Swali lile halikuwa baya. Kicheko ndicho kilichokuwa kibaya, maana kiliufunga mlango kabla ya jawabu kuingia. Nitalijibu hapa.

Wanakemia hutengeneza taa kwa tabaka za kampaundi za kaboni, nyembamba mno kuliko unywele. Ndani yake hutia elementi za jamii ya lantanidi, kama neodimiamu, iterbiamu na erbiamu. Umeme upitapo, erbiamu hutoa nuru ambayo urefu wa wimbi lake ni nanometa 1540 hivi. Atomu hiyo peke yake ni mvivu wa kupokea nishati. Kwa hiyo huzungushiwa molekuli za kaboni, ambazo huipokea nishati na kuikabidhi kwa atomu, mfano wa antena inasavyo mawimbi ya redio. Makabidhiano ya namna hiyo yalielezwa na mwanakemia S. I. Weissman wa Marekani mwaka 1942.

Mbishi atasema kwamba taa hizo ni dhaifu. Ni kweli, nami sifichi. Vifungo vya haidrojeni na kaboni, na vile vya haidrojeni na oksijeni, hutikisika na kuila nishati kabla haijawa nuru. Lakini ugonjwa ambao asili yake imejulikana humpa tabibu mahali pa kuanzia. Wataalamu huiondoa haidrojeni na kuweka florini, ambayo kifungo chake na kaboni hutikisika polepole zaidi, na nishati iliyopotea hupungua.

Tena, nani aliyesema kwamba nuru hii si yetu? Nyaya za kioo zilizofika Mombasa mwaka 2009 kwa kupita chini ya bahari hubeba habari kwa nuru isiyoonekana, na njiani nuru hiyo hutiwa nguvu na kioo chenye erbiamu. Ujumbe uupelekao ng'ambo kwa simu yako aghalabu hupita katika nyaya za namna hiyo. Huko Kwale nako, Kilima cha Mrima kina madini ya jamii hii hii ya lantanidi. Dunia huyaita adimu, hali seriamu, mmoja wa ndugu zao, hukaribia shaba kwa wingi katika ardhi. Kilicho adimu hasa ni ujuzi wa kuyatenganisha.

Taifa lisilo na ujuzi huo litauza kilima kwa bei ya kifusi, kisha litanunua taa kwa bei ya dhahabu. Je, utakuwa miongoni mwa wauzaji hao? Kama hutaki, basi mwenzako aulizapo swali la kemia, zuia kicheko chako, ufungue kitabu, mtafute jawabu pamoja.