Yesu Hana Kwao?

Wadau, leo tuulizane. Yule Yesu wa kwenye kalenda, mwenye nywele za dhahabu na macho ya bluu, anayening'inia ukutani kuanzia Mwanjelwa hadi Kihesa, katokea wapi? Maana yule wa Nazareti alikuwa Myahudi. Alitahiriwa siku ya nane, Sabato aliingia sinagogi, Pasaka alipanda kwenda Yerusalemu. Ukimbana Mkristo yeyote atakubali. Halafu Jumapili anahubiriwa kana kwamba hana kwao.

Hasara yake? Kubwa tu. Mtu asiye na kwao, kila mmoja anamvika nguo anayoitaka.

Mfano. Wapo wanaouza vitambaa vya upako, na andiko lao ni yule mama aliyegusa pindo la vazi la Yesu akapona. Pindo lile ni nini? Soma Hesabu 15: Wayahudi waliagizwa kuweka vishada kwenye ncha za nguo zao, wakiviona wakumbuke amri za Mungu. Yesu alivaa kama Myahudi mcha Mungu wa zama zake, basi. Kikumbusho cha amri kimegeuzwa bidhaa, na mnunuzi ni mama anayeuza nyanya sokoni.

Mfano wa pili unatuhusu zaidi. Yesu aliulizwa kama ni halali kumlipa Kaisari kodi. Mimbarini hilo limekuwa somo la uraia mwema: lipeni, tiini serikali. Jamani! Swali lile lilikuwa mtego. Mwaka wa 6 BK Yuda wa Galilaya aliongoza uasi kwa sababu ya sensa ya kodi ya Warumi. Yesu akisema lipeni, watu wanamwona msaliti. Akisema msilipe, Pilato anamwita mwasi. Na mwisho alitundikwa msalabani, adhabu ya Warumi, shtaka juu ya kichwa chake likisema ni mfalme wa Wayahudi.

Mtu wa Iringa alipaswa kulielewa hili upesi kuliko wengi. Mwaka 1891 Wahehe walimshinda Zelewski pale Lugalo. Mwaka 1894 Wajerumani wakaiteka Kalenga. Mwaka 1898 Mkwawa akajiua asikamatwe, na fuvu likarudishwa Kalenga mwaka 1954. Dola ya kigeni, kodi, kiongozi anayewindwa: tunayajua haya.

Lakini Wamoraviani walifika Rungwe mwaka uleule wa Lugalo, 1891, nao walitoka Ujerumani. Ulitegemea watuhubirie kwamba Bwana aliuawa na watawala wa kigeni? Badala yake tumerithi desturi ya kale ya Ulaya ya kuwatupia Wayahudi lawama zote. Hadi leo "Farisayo" kwetu ni tusi, wakati Luka 13 inasema Mafarisayo ndio waliomwonya Yesu kwamba Herode anataka kumuua!

Najua kuna atakayesema imani haihitaji historia. Sawa, ndugu yangu. Mbona basi Imani ya Mitume, unayoikiri kanisani, inamtaja Pontio Pilato kwa jina? Waliotunga walitaka ujue ni wapi, lini na chini ya utawala gani.

Wachungaji waliosoma theolojia wanayajua haya. Wayapandishe mimbarini. Wasipofanya hivyo, wauza vitambaa wataendelea kutufundisha.

Nawasilisha.