Ahadi ni Deni: Tuhesabu Kabla ya Kutia Sahihi

KILA mwaka mwezi wa Oktoba unapofika, wako vijana wachache katika shule zetu za sekondari ambao hukabiliwa na uamuzi mzito kuliko umri wao. Ni vijana waliofanya vizuri darasani, wanaoomba nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani vyenye mchujo mkali. Uamuzi wenyewe ni huu: je, mwombaji apeleke maombi ya mapema, kwa kawaida ifikapo tarehe 1 Novemba, kwa chuo kimoja, akiahidi kwamba akikubaliwa atakwenda huko na si kwingineko? Au asubiri mpaka Januari, aombe vyuo kadhaa kwa pamoja, kisha achague?

Huenda wapo watakaosema kwamba hili ni jambo la watu wachache, lisilostahili nafasi katika ukurasa huu. Sisi hatuoni hivyo. Leo mwanafunzi wa Nengo, mjini Gisenyi katika wilaya ya Rubavu, hujaza fomu ileile anayoijaza mtoto wa tajiri wa New York, na hutia sahihi chini ya masharti yaleyale. Tofauti ni kwamba mmoja ana baba mwenye wakili na mhasibu, na mwingine ana mama anayevuka mpaka kwenda Goma kuuza mboga. Kwa sababu hiyo yafaa jambo hili lielezwe hadharani, na lielezwe katika lugha ambayo mama huyo huitumia sokoni kila siku.

Kwanza yafaa ieleweke kwamba ahadi hiyo haitolewi na kijana peke yake. Makubaliano hutiwa sahihi na watu watatu: mwanafunzi, mzazi au mlezi wake, na mwakilishi wa shule. Majibu hutolewa katikati ya Desemba. Mwombaji akikubaliwa, hana budi kuyaondoa maombi yake yote katika vyuo vingine. Akikataliwa, au maombi yake yakisogezwa hadi kundi la kawaida, amefunguliwa, na anaweza kuendelea kwingine.

Tena, si kila maombi ya mapema humfunga mwombaji. Chuo cha MIT hupokea maombi ya mapema bila ahadi hiyo. Harvard, Yale na Princeton hufanya vivyo hivyo, ingawa vyuo hivi vitatu huweka mipaka juu ya maombi mengine ya mapema. Mwanafunzi anayekubaliwa huko anaweza kungoja hadi tarehe 1 Mei ndipo atoe jibu lake. Kwa hiyo neno la kwanza la kuuliza ni hili: maombi haya yananifunga au hayanifungi?

Kinachowavutia vijana ni habari kwamba anayeomba mapema hupata nafasi kwa urahisi zaidi. Ni kweli kwamba katika vyuo vingi sehemu ya wanaokubaliwa mapema ni kubwa kuliko ya wanaokubaliwa baadaye. Lakini ndani ya hesabu hiyo wamo wanamichezo waliokwisha kuchaguliwa na makocha, na katika vyuo kadhaa wamo pia watoto wa waliosoma hapo zamani. Mtoto wa Nengo asidhani kwamba hesabu hiyo yote ni yake. Hata vyuo vyenyewe vimepata kuona kasoro hiyo. Mwaka 2006 Harvard na Princeton vilitangaza kuacha maombi ya mapema, vikisema kwamba utaratibu huo huwapendelea wenye uwezo. Mwaka 2011 vyote viwili viliurudisha, lakini bila sharti la kumfunga mwombaji.

Kiini cha jambo hili, kwa maoni yetu, ni fedha. Gharama kamili za mwaka mmoja katika vyuo vingi vya namna hiyo hupita dola 80,000, yaani zaidi ya faranga za Rwanda milioni 100. Hakuna familia ya mvuvi wala ya mchuuzi iwezayo kuzibeba. Hivyo kabla ya kutia sahihi ni lazima kujua chuo kinachoombwa ni cha namna gani.

Viko vyuo ambavyo haviutazami uwezo wa mwombaji wa kigeni wakati wa kumchagua, na akikubaliwa humpa msaada wote anaouhitaji. Miongoni mwa vyenye maombi ya mapema ya kumfunga mwombaji ni Amherst, Bowdoin, Dartmouth na Brown. Viko vingine ambavyo hutazama mfuko wa mwombaji wa kigeni, lakini wakimkubali humlipia upungufu wake wote. Kwa kuwa fungu la wageni huwa na kikomo, huko kuomba mapema kwaweza kumfaa asiye na kitu, ingawa si dhamana. Kisha viko ambavyo haviahidi kuujaza upungufu. Kwa mtoto wa maskini, kutia sahihi ya kufungwa katika vyuo vya kundi hili la tatu ni sawa na kununua mbuzi ndani ya gunia.

Itasemwa kwamba masharti yana mlango wa kutokea, kwamba msaada usipotosha mwanafunzi huweza kufunguliwa. Ni kweli. Lakini mlango huo hufunguka katika siku za Krismasi, wakati ofisi nyingi zimefungwa na tarehe za mwisho za vyuo vingine zinakaribia kupita. Kijana ambaye hakuandaa maombi mengine atajikuta ameachwa na mashua zote mbili. Zaidi ya hayo, aliyefungwa na chuo kimoja hana barua ya chuo kingine ya kulinganishia msaada aliopewa.

Kwa hiyo familia ikae chini mwezi wa Septemba, si usiku wa tarehe 31 Oktoba, na kuhesabu. Isihesabu ada peke yake, bali nauli ya ndege, viza, bima ya afya, nguo za baridi, na mahali pa kulala mabweni yanapofungwa wakati wa likizo. Vikokotoo vingi vya gharama vinavyowekwa na vyuo vimetengenezwa kwa raia wa Marekani. Ni afadhali kuiandikia ofisi ya misaada ya chuo moja kwa moja na kuomba jibu la maandishi. Mama asiye na hati ya mshahara aandike mapato yake kwa ukweli, yawe ya faranga za Rwanda, ya faranga za Kongo au ya dola. Umaskini si aibu, bali uongo katika fomu ndio utakaomrudisha mtoto nyumbani.

Wazee walisema ahadi ni deni. Mwalimu mkuu anapotia sahihi, anaweka rehani jina la shule. Kijana akikubaliwa, akapewa msaada wa kutosha, kisha akageuka kwa kuwa amesikia jina kubwa zaidi, anayeumia si yeye peke yake. Chuo kitaikumbuka shule ile, na mdogo wake atakayeomba mwaka unaofuata ndiye atakayelipa.

Hatusemi hayo kwa kumtisha mtu. Ngoja ngoja nayo huumiza matumbo. Kijana ambaye amekichunguza chuo, akaona kwamba hata vyote vikimwita angekwenda huko huko, na ambaye amethibitisha kwamba fedha zitatosha, atie sahihi bila hofu. Likikosekana moja kati ya hayo mawili, asubiri Januari.

Uamuzi wa namna hiyo huhitaji muda. Mpango wa KenSAP, ulioanzishwa nchini Kenya mwaka 2004, na ule wa Bridge2Rwanda hapa kwetu, iliwaandaa vijana kwa miezi mingi baada ya sekondari kabla hawajapeleka maombi. Vijana hao walikuwa na watu wa kuwasomea masharti. Shule nyingi hazina mtu huyo. Tunazishauri shule zote, za Rubavu na za wilaya nyingine, kumteua mwalimu mmoja wa kazi hiyo, kuianza katika mwaka wa tano, na kuwaita wazazi waelezwe masharti kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili kabla hawajapewa kalamu. Maofisa wa elimu wa wilaya wanaweza kuusimamia mkutano huo bila gharama kubwa.

Mwisho, tusiwafundishe vijana wetu kwamba barua ya kukataliwa ya Desemba ni hukumu ya maisha. Chuo Kikuu cha Rwanda, kilichoundwa mwaka 2013, kinatoa madaktari, wahandisi na walimu, na taifa linawategemea. Anayekwenda mbali aende akijua alichoahidi na nani atalipa. Kalamu ni nyepesi mkononi, lakini sahihi yake huibeba nyumba nzima.