MIKOKO TUITUNZE, LAKINI MTUNZAJI ALIPWE!

Ndugu wanaushirika,

Kila kikao siku hizi tunaambiwa: msikate mikoko, ni mali ya taifa. Sawa, hatubishi. Kambamiti na kaa wanakulia humo, na bahari ikichafuka mikoko ndiyo ngao yetu. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya Ramsar, yaani ardhi oevu zenye manufaa kwa dunia nzima. Basi tunauliza: kama faida ni ya dunia nzima, mbona gharama ni ya mkulima wa mpunga peke yake?

Hebu tazameni wenzetu. Marekani, sheria yao ya kilimo ya mwaka 1990 iliweka malipo kwa mkulima anayeacha shamba lake lirudi kuwa kinamasi. Hasara yake inahesabiwa, analipwa. Huku kwetu mkulima anaambiwa "toka", basi. Dungu anaacha, mpunga anawaachia nguruwe na ndege. Watoto wale nini? Hapo hakuna anayejibu.

Wapo watakaosema: "Mmarekani ana hati. Nyinyi mikoko si yenu, ni msitu wa Serikali." Ni kweli, imewekwa hifadhi tangu enzi ya Wajerumani, mwaka 1898. Lakini hoja hiyo haina miguu. Kule Gazi, kaunti ya Kwale nchini Kenya, mikoko nayo ni ya Serikali. Hata hivyo wanavijiji wa Gazi na Makongeni waliingia mkataba wa kuitunza, na tangu mwaka 2013 wanauza hewa ya ukaa kwa mradi wao wa Mikoko Pamoja. Fedha zimeleta maji na kusaidia shule. Na msitu wao ni hekta 117 tu! Delta yetu ina hekta 50,000 hivi za mikoko. Sheria yetu ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji na Serikali kusimamia msitu kwa pamoja, na kanuni za biashara ya kaboni zipo tangu mwaka 2022. Tunangoja nini?

Lakini ndugu zangu, na sisi tusijifanye malaika. Tunafyeka mikoko, tunavuna misimu michache, kisha kaa wanakata miche, magugu yanazidi, chumvi inapanda, tunahamia kufyeka pengine. Huko ni kula mbegu. Anayedai ujira wa kutunza, atunze kweli.

Na jambo la hatari zaidi: malipo yakija, yasifuate hati tupu. Mwenye fedha wa mjini atakimbilia kupata karatasi kabla yetu, akae Dar es Salaam apokee fedha za mikoko asiyoijua hata kwa jina. Mama anayelima nusu eka kwa jembe hana karatasi, ila Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua haki yake ya kimila. Kupe hana jembe, lakini hushiba kuliko ng'ombe. Tusimkaribishe!

Kwa hiyo tuseme kwa sauti moja:

1. Mkulima asiondolewe kabla ya kulipwa fidia au kuonyeshwa ardhi nyingine inayolimika.
2. Mkataba wowote wa mikoko usomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, ndipo utiwe saini.
3. Fedha ziingie akaunti ya kijiji, na mapato na matumizi yabandikwe hapa ukutani, kila mtu asome.
4. Na sisi kwa upande wetu: hakuna kufyeka mikoko mipya kuanzia msimu huu.

Kutunza mikoko ni kazi, na kila kazi ina ujira wake. Mkutano ukiitwa tusibaki kunong'ona barazani. Tuje, wake kwa waume, tuseme.

Ni mimi mwanaushirika mwenzenu.