Ukungu wa Yakutsk si "maajabu" tu, ni moshi wa gari

Mmeona zile video za Yakutsk, kule Siberia? Mji mzima umemezwa na ukungu mweupe, gari unaliona likiwa limeshakufikia, na kwa maoni watu wanaandika "maajabu ya Mungu". Mimi nabisha kidogo. Ukungu ule, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya watu.

Hebu tuanze na wa kwetu. Ukungu wa Limuru unakuja hewa yenye unyevu ikipoa, mvuke unageuka matone madogo ya maji. Jua likipanda, kwisha. Yakutsk ni kitu kingine. Januari huko, baridi ya kawaida ni karibu nyuzi 40 chini ya sifuri. Hewa baridi hivyo inabeba mvuke kidogo mno: mita moja ya ujazo haifikishi hata robo gramu, wakati hewa ya nyuzi 20 inabeba gramu 17 hivi. Yaani ukiongeza kidogo tu, inamwagika.

Na watu wanaongeza, bana! Ukichoma lita moja ya petroli, unatoa karibu kilo nzima ya maji kama mvuke. Unatoka kwa bomba la moshi ukiwa moto, na sekunde chache baadaye umeganda kuwa punje za barafu nyepesi sana, zinaelea tu. Jumlisha joto la majumba, mitambo ya umeme, hata pumzi za watu zaidi ya 300,000. Alafu hewa baridi ni nzito, inalala chini, na ile yenye joto kidogo inaifunika kama kifuniko cha sufuria. Upepo hakuna. Ukungu unakaa siku kadhaa, umechanganyika na moshi, na watoto wanauvuta wakienda shule.

Utaniambia: sasa hao watu wafanye nini, wagande? Swali la haki. Wengi huacha injini ikinguruma hata gari likiwa limeegeshwa, juu ukiizima inaweza kukataa kuwaka. Lakini Fairbanks, Alaska, wana baridi na ukungu kama huo, na maegesho mengi yana soketi. Unachomeka gari kwa stima, kifaa kidogo kinapasha injini joto, basi. Ni kweli stima nayo ina mtambo wenye moshi wake, na ukungu Fairbanks haujaisha. Ila bomba moja refu ni rahisi kusimamia kuliko maelfu ya mabomba yaliyo karibu na pua za watu.

Ndiyo maana hilo neno "maajabu" linanikera. Kitu ukikiita maajabu, unakaa ukingoja kiondoke chenyewe. Ukijua kimetoka kwa bomba la nani, unaanza kuuliza maswali.

Haya, nibishieni hapo chini.