Kwa Nini Walimu wa Nax Hawakai? Siku Hizi Mono Yuko Stafurumu

Kama ulisoma shule ya bweni, unajua vile mono huishi. Anaoshea wakubwa sahani, Blue Band yake inaliwa na watu hata hawajui jina lake, na akienda kusema kwa mwalimu wa zamu anaitwa msaliti. Mwaka ukiisha, yule aliyeonewa zaidi ndiye anakuwa mkali kuliko wote kwa wageni.

Sasa toa hiyo stori bwenini uipeleke stafurumu. Huyu mono ana digrii, amevaa tai, na watoto wanamwita mwalimu.

Mimi niliwahi kushika chaki kwa shule moja ya private huku Bonde la Ufa. Jina wacha likae. Januari tulipiga picha ya walimu tukiwa 14. Kufikia Novemba, kwa ile picha tulikuwa tumebaki watano. Wawili waliitwa na TSC, na hao tuliwachangia soda tukafurahi nao. Wengine wote walitoka juu ya mdomo. Odijo wa hesabu aliambiwa paredi, mbele ya watoto wa Gredi ya 3, kwamba hata soja wa geti angefunza kumshinda. Alimaliza vipindi vya asubuhi, akaenda lanchi, hakurudi. Wiki iliyofuata mgeni aliletwa, akapewa madaftari yale yale na kiti kile kile. Hakuna mtu aliuliza huyo mwingine alienda wapi.

Ukibonga na walimu wa Lanet, Kiamunyi, Njoro, Gilgil ama Naivasha, stori zinafanana sana. Kutukanwa mbele ya wanafunzi. Meseji ya WhatsApp saa tano usiku ikitaka jibu hapo hapo. Kukatwa pesa juu ya kuchelewa dakika kumi. Kuambiwa ulete watoto watatu wapya Januari ama utafute kwingine. Kuna hata shule zinakaa na vyeti vyako orijino ndani ya kabati la ofisi, ndio usihepe.

Watu husema walimu wa siku hizi hawana uvumilivu. Mimi nasema tuangalie hesabu kwanza.

FOLENI IKO NJE YA GETI

TSC yenyewe imekuwa ikitaja zaidi ya walimu 300,000 waliosajiliwa na bado haijawaajiri. Huku kwetu foleni inaonekana kwa macho. Egerton iko hapo Njoro na imetoa walimu miaka mingi sana. Kabarak nayo iko hapo mbele. Ikifika Januari, wasee na bahasha za khaki wanatoka geti moja kwenda lingine, kutoka Section 58 mpaka Free Area, jua likiwaka.

Mdosi anaiona hiyo foleni kila asubuhi. Ndio maana haogopi ukisema utaacha kazi. Anakuambia bahasha zimejaa kwa droo. Kwa kazi ambapo watu ni wachache, mwajiri hujifunza adabu haraka. Pale watu wamejaa, adabu inategemea roho yake tu.

KUTOKA KWAKO KUNAOKOA PESA

Hapa ndipo wengi hawaangalii. Mwaka wa shule una likizo ya Aprili, ya Agosti, na ile ndefu ya Novemba na Desemba. Mwalimu aliyeajiriwa kwa mwezi anafaa kulipwa hata shule ikiwa imefungwa. Kwa mwenye shule ambaye karo haijaingia, hiyo Desemba inauma.

Akikufuta, sheria inamdai notisi na sababu. Lakini ukichoka ukaondoka mwenyewe, Desemba haimhusu tena. Ndio unaona presha ikipanda ghafla muhula wa tatu: makosa yanatafutwa, barua za onyo zinatoka kama njugu, na anayesifiwa ni yule wa kubeba maneno ofisini. Januari wanaingia wageni, tena kwa mshahara wa chini.

Sio shule zote. Kuna private ziko fiti, walimu wamekaa miaka kumi na wanalipwa Desemba vizuri. Lakini pale kila Januari kuna sura mpya, usiseme shule ina bahati mbaya. Mara nyingi hivyo ndivyo inavyoendeshwa.

NA KWA SERIKALI JE?

Huko pia mono yuko. JSS ilipoanza Januari 2023, walimu wake waliwekwa ndani ya shule za msingi, chini ya walimu wakuu wa msingi. Odijo wa digrii akajikuta hana ofisi wala sauti, na mkubwa wake akihisi kijana amekuja kumpanda kichwani. Pande zote mbili zilikuwa na malalamiko, na mpango wenyewe ulikuwa umewagonganisha. Hiyo ndiyo sababu walimu wa JSS wamepiga kelele kutaka wajisimamie.

Ongeza hapo maintern. Walikuwa wanapewa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, kazi ikiwa ile ile ya mwenye ajira ya kudumu. Aprili 2024 mahakama ya leba ilisema TSC haina mamlaka ya kuajiri walimu waliohitimu na kusajiliwa kama wanagenzi. Muhula wa pili ulipofunguliwa mwezi uliofuata, walimu wa JSS waliingia barabarani. Kufikia Januari 2025, maintern 46,000 wakaingizwa kwa ajira ya kudumu. Hao walikuwa na mbogi kubwa na TSC moja ya kupigia kelele. Mwalimu wa private yuko peke yake na mdosi wake.

BILI INALIPWA NA MTOTO

Kama huna shida na walimu, basi fikiria mdogo wako. Kwa mtindo mpya wa mitihani, alama za darasani za Gredi ya 7 na 8 zinabeba asilimia 20 ya matokeo ya mwisho ya KJSEA. Mwenye kutoa hizo alama ni mwalimu. Kama mtoto amebadilishiwa odijo wa sayansi mara tatu kwa mwaka, nani anajua kwa kweli anaweza nini? Anayejaza ile fomu mwisho wa mwaka amemjua wiki sita.

Na watoto wanaona. Mtoto akishuhudia mwalimu wake akifokewa paredi, amejifunza vile mwenye nguvu hubonga na asiye na nguvu. Atalipeleka hilo somo bwenini.

SHERIA IKO, LAKINI INATAKA KARATASI

Sheria ya Ajira ya 2007 haijamwacha mwalimu wa private uchi. Kazi ya miezi mitatu na kuendelea inafaa kuwa na mkataba wa maandishi, na kuuandaa ni jukumu la mwajiri. Kabla ya kukufuta juu ya utendakazi ama utovu wa nidhamu, anafaa akueleze sababu na akusikize, ukiwa na mwenzako kando. Mimba si sababu ya kukufuta, wala kumshtaki mwajiri. Ukitoka baada ya kukaa wiki nne ama zaidi, una haki ya cheti cha utumishi. Mahakama ikiona ulifutwa vibaya, inaweza kukupa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12.

Na ukisukumwa mpaka ukaandika barua mwenyewe? Mwaka wa 2015, kwenye kesi iliyohusu kampuni ya Coca Cola East and Central Africa, Mahakama ya Rufaa ilieleza kwamba mwajiri akivunja mkataba vibaya mpaka mtu akalazimika kuondoka, huko ni kufutwa tu. Lakini sio rahisi. Wewe ndiye unafaa kuthibitisha, na ukikaa kimya muda mrefu unaonekana ulikubali.

Kwa hivyo weka rekodi. Andika tarehe, maneno yaliyosemwa na nani alikuwa hapo. Hifadhi zile meseji za saa tano usiku. Peleka malalamiko kwa barua, ubaki na nakala. Vyeti orijino usimwachie mtu. Ukifutwa, una miezi mitatu ya kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba, na miaka mitatu ya kwenda mahakamani. Mahakama ya leba iko hapa Nakuru, sio lazima ushike matatu ya Nairobi. Chama pia kiko: KUDHEIHA inachukua wafanyakazi wa taasisi za elimu.

MDOSI NAYE ANA MDOSI

Tuseme ukweli wote. Mwalimu mkuu anayefoka amefokewa jana na mwenye shule juu ya wastani wa mtihani. Mwenye shule ana mkopo wa benki, na wazazi wana karo ya mwaka jana. Kila mtu anashusha presha kwa aliye chini yake, mpaka inafika kwa yule ambaye hana wa kumshushia isipokuwa mtoto wa Gredi ya 3. Lakini kuonewa jana hakukupi ruhusa ya kuonea leo. Kila mono huapa hatakuwa kama wale wakubwa, na wengi husahau wakishapata kitanda cha chini.

Mzazi ndiye ana nguvu hapa, kwa sababu karo ni yake. Januari ukipeleka mtoto shule mpya, usiulize tu basi linapita wapi na wastani ni ngapi. Uliza mwalimu wa darasa amekaa hapo miaka mingapi, na wangapi walitoka mwaka jana. Ukiona mtu wa ofisi ameanza kukuonyesha bwawa la kuogelea, jibu umepata.