Tahadhari: Usibonyeze "Apply" Kabla ya Kukagua Mstari wa Kati

Kama una mhusika wa nusu mwili kwenye Blender hivi sasa, na kesho unamkabidhi kwa mtu wa kumtia mifupa, simamisha kazi dakika kumi. Modifaya ya Mirror usii-"Apply" kwanza. Hifadhi faili kwa jina jipya, kisha soma.

Mhusika ambaye kushoto na kulia kwake ni sawa hufinyangwa nusu tu, na Mirror humjazia nusu ya pili. Modifaya ikiwa bado hai, kosa la mstari wa kati ni kazi ya dakika moja. Ukishabonyeza "Apply", ile nusu ya kivuli inakuwa wavu halisi na kosa linakuwa kilema cha mwili. Kuanzia hapo linarithishwa: litaingia kwenye ramani ya rangi, kwenye mifupa, na kwenye maumbo ya uso, yale ya kucheka, kununa na kufumba macho. Kurudi nyuma nako kunakuwa kugumu, maana Blender hukataa ku-"Apply" modifaya kwenye wavu ambao tayari umebeba maumbo hayo.

Mimi yalishanikuta. Tulikuwa na bibi mmoja mwenye mtandio, wa filamu fupi ya watoto. Alipokuwa kijivu hajapakwa rangi alipendeza. Tulipolainisha wavu, ukajitokeza mkunjo kutoka kwenye paji la uso hadi kidevuni, kama mshono wa gunia. Alipocheka, mdomo wa juu ulifunguka katikati kama zipu. Nilichagua nukta moja ya mdomo, nikabonyeza N kufungua paneli ya pembeni, nikasoma X: 0.0031 m. Ilitakiwa iwe 0. Nukta hiyo na pacha wake wa upande wa pili walikuwa wametengana milimita 6.2, na Mirror isipobadilishwa huunganisha mapacha walio ndani ya milimita 1 tu. Kumbe midomo ile haikuwahi kushikana. Tulikuwa tumeshachonga maumbo yote ya uso, na tukayachonga upya.

Usidanganyike kwamba dawa ni kuongeza kipimo hicho cha kuunganisha. Ukikipandisha hadi sentimita 2, kila nukta iliyo ndani ya sentimita 1 kutoka katikati itavutwa kwenye mstari, na kifereji cha chini ya pua kitafutika chote.

Wahalifu ni wanne, nao ni hawa.

Wa kwanza ni nukta zilizohama. Kitufe kilichoandikwa "Clipping" kwenye Mirror kisipowashwa, hakuna kinachozuia nukta za katikati kusogea unapovuta shavu au pua. Kiwashe tangu siku ya kwanza. Kukiwasha leo hakuwarudishi waliokwisha kutoroka; hao utawarudisha kwa mkono.

Wa pili ni ukuta wa ndani. Ukivuta bapa la juu la nusu kiwiliwili ili upate shingo, programu inaweza kuzungusha kuta pande zote, pamoja na upande unaogusa mstari wa kati. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Humu ukuta hujijenga wenyewe, tumboni mwa mhusika, na kwa nje huuoni. Utaujua pale utakapolainisha wavu na kuona mstari wa kati umefyonzwa ndani. Zima Mirror kidogo, chungulia kutoka upande ulio wazi, futa mabapa hayo.

Wa tatu ni kitovu. Mirror hupima kuanzia kwenye kitovu cha kitu, kile kidoa cha rangi ya chungwa. Ukikisogeza, kwa mfano ukiagiza kiende katikati ya umbo, kioo nacho kinahama, na mhusika anatokea na nyuso mbili zilizopandana au mwili mwembamba kama ufito.

Wa nne ni mpangilio. Mirror ikae juu ya modifaya ya kulainisha. Ikiwa chini, nusu hulainishwa peke yake kwanza, kingo zake zikajikunja, ndipo iakisiwe. Mshono lazima uonekane.

Sasa kagua. Washa mwonekano wa kupenya kwa Alt+Z, la sivyo kisanduku cha kuchagulia kitachukua nukta za mbele na kuziacha za mgongoni. Chagua nukta zote za mstari wa kati. Bonyeza S, X, 0, kisha Enter: zitanyooka mstari mmoja. Wengi huishia hapa na ndipo wanapokosea, kwa sababu zimenyooka kwenye wastani wao, si lazima kwenye sifuri. Nenda kwenye paneli ya N, andika 0 kwenye X. Wala usitumie paneli peke yake: itahamisha wastani tu, na nukta zitabaki zimepinda vilevile.

Halafu washa rangi za mwelekeo wa mabapa. Penye wekundu kwa nje, bapa limegeuka ndani nje. Injini za michezo kama Unity na Unreal kwa kawaida hazichori mgongo wa bapa, kwa hiyo huko mhusika wako atakuwa na tundu. Chagua yote, bonyeza Shift+N.

Mwisho, tengeneza nakala, "Apply" Mirror kwenye nakala hiyo, kisha kwenye menyu ya "Select" tafuta "Non Manifold". Mstari wa kati ukiwaka, kuna ufa au kuna ukuta. Usipowaka, endelea na kazi.

Na aliyekwisha kubonyeza? Kama maumbo ya uso hayajachongwa, bado una bahati: futa nusu moja, nyoosha katikati, weka Mirror upya. Kama yamechongwa, usikimbilie kuunganisha nukta kwa umbali mkubwa wavu mzima. Amri hiyo haijui kope ni nini, itagandisha ya juu na ya chini. Fanya kazi kwenye nakala, chagua nukta za mstari wa kati peke yake, na utangazie wenzako leo hii ni faili ipi isiguswe.

Nawe unayepokea mhusika ili umtie mifupa, usione haya kumkagua mbele ya aliyemleta. Mstari ukiwaka, mrudishe kabla hujaweka hata mfupa mmoja. Mwenzako atanuna kwa saa moja. Bibi yule alitununisha ofisi nzima.