Vua Hiyo Saa, Tuongee

Hebu inua mkono wako wa kushoto. Kama umevaa ile saa kubwa ya rangi ya dhahabu yenye vijisaa vitatu vidogo ndani, ikazie macho dakika moja uone kama vijisaa hivyo vinatembea. Havitembei, si ndio? Vimechorwa tu. Manze, umevaa picha ya saa ndani ya saa. Na mtu akikuuliza saa ngapi kwa matatu, bado unatoa simu mfukoni.

Sikuchekelei. Nilikuwa na yangu. Niliivaa siku ya intavyuu, nikaambiwa nitaingia saa nne na robo. Nikaangalia mkono kama mtu wa maana na sikusoma kitu: mishale ya dhahabu juu ya uso wa dhahabu, na taa ya ofisi inamulika kioo. Ikabidi niulize soja wa mlangoni. Yeye alikuwa na kadude keusi ka plastiki, akanijibu huku akiendelea kuandika wageni kwa kitabu.

Hapo ndipo nilianza kusoma kuhusu saa za zamani za wanajeshi. Na nikakasirika, kwa sababu shida yangu ilitatuliwa kitambo sana.

Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanaume wa Ulaya aliweka saa mfukoni. Ya mkononi ilionekana pambo la wanawake. Lakini ukiwa ndani ya handaki, bunduki mkononi, nani atapapasa mfuko? Saa ikahamia mkononi kwa lazima. Fasheni ilifuata nyuma.

Kufika Vita vya Pili, jeshi la Uingereza likaandika masharti: uso mweusi, namba zinazosomeka haraka, mishale inayowaka gizani, kijisaa cha sekunde (kinachotembea kweli!), kioo kisichovunjika ovyo, kasha lisiloingiza maji. Kampuni 12 za Uswisi zikatengeneza, zikiwemo Omega, Longines, IWC na Cyma. Nyuma kumechongwa W.W.W., yaani saa, ya mkononi, isiyoingia maji. Hata jina halijaribu kukutongoza. Upana wake ni milimita 35 hadi 38 hivi, kwa hivyo ni ndogo kuliko hiyo sufuria umevaa.

Na sisi wa Kiswahili ndio tungezipenda zaidi. Tunasema saa moja mshale ukiwa kwa 7, kila siku tunageuza namba kichwani. Sasa ukinipa uso usio na namba hata moja, ni logo na vijiwe vya kumetameta tu, unanichosha mara mbili. (Kwa zile za jeshi, 6 mara nyingi imemezwa na kijisaa cha sekunde. Nimewasamehe.)

Ama angalia ule mkanda wa nailoni ambao Waingereza waliuwekea kanuni mwaka wa 1973. Ni kipande kimoja kinachopita chini ya saa. Pini moja ikikatika, saa inabaki imening'inia kwa ile nyingine. Leo unauzwa kila mahali kama urembo na wengi hawajui hata kwa nini umepitishwa hivyo.

Huo ndio uzuri ninaoutetea: kila kitu kina kazi. Na ndio maana wauzaji wa mtandaoni wananiudhi. Wanachukua saa iliyotoka kiwandani juzi, wanaipaka alama zake rangi ya chai ya maziwa ionekane imezeeka, halafu wanaiita ya kijeshi. Ama wanakuuzia W.W.W. na stori kwamba ilishuka ufuoni Normandy. Normandy ilikuwa Juni 1944. Nyingi za W.W.W. zilifika jeshini 1945. Unalipia stori ya mtu ambaye hajafungua hata kalenda.

Stori za kweli wanaziruka. Ile alama ya mshale mpana kwenye saa, inayokuzwa kama nembo ya ushujaa, maana yake ni mali ya serikali ya Uingereza. Serikali hiyo hiyo ndiyo iliyowapeleka wazee wetu wa King's African Rifles kupigana Burma mwaka wa 1944, na kuwalipa chini ya askari Mzungu. Kwa hivyo usiniambie nivae ule mshale kwa fahari. Nitausoma tu ulivyo: lebo ya stoo.

Na ule mwanga wa gizani? Ulitoka kwa radiamu. Huko Orange, New Jersey, kuanzia 1917, wasichana waliajiriwa kupaka nyuso za saa, nyingi zikiwa za jeshi la Marekani. Walifunzwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo yao. Taya zikaoza, wakafa wakiwa vijana kama sisi. Waliobaki wakaishtaki kampuni, na kesi ikaisha kwa malipo mwaka wa 1928. Jeshi liliendelea kutumia radiamu hata Vita vya Pili. Saa hizo leo haziwaki tena kwa sababu kemikali iliyokuwa inang'aa imechoka, lakini radiamu yenyewe huchukua miaka 1,600 hivi kupungua nusu. Kwa hivyo ukiangukia moja ya zamani, usifungue kioo na kisu cha jikoni ili upate kontenti. Vumbi lake si la kuvuta.

Sikwambii ununue ya 1945, bei yake itakula rent. Nunua yoyote inayosomeka, yenye namba, isiyojifanya kitu isichokuwa. Jungle jacket itakutia mashakani na polisi, lakini uso mweusi wenye namba nyeupe hakuna anayekuuliza.

Yangu ya sasa niliitoa mitumba, ya kutia ufunguo, haina stori yoyote ya vita. Jana stima zilipotea mtaa mzima na simu ilikuwa imezima. Nikainua mkono. Saa tatu na dakika ishirini.